Wageni Ishirini na Wanne

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Naapa kwa masharubu yangu, kitu pekee nilichobaki nacho ambacho serikali haijakikata kodi. Kama humu ndani mna neno moja la uongo, basi yadondoke yote kwenye supu, siku ya Pasaka, mbele ya padri.

Naitwa Epaminondas, kwa kifupi Nondas. Kosa si langu. Baba yangu alikuwa tarishi wa posta aliyesoma kitabu kimoja maishani mwake, na kitabu chenyewe kilihusu vita vya kale. Ndugu zangu watano walibatizwa majina ya watakatifu kama binadamu wengine. Mimi nikapewa jina la jemadari aliyekufa kabla hata Ukristo haujaanza. Padri alinizamisha majini mara tatu kama ilivyo desturi, na mara ya nne kwa hasira.

Utauliza, jina lina tabu gani? Kisiwani kwetu lina tabu kubwa. Siku ya kuzaliwa ni mambo ya watoto. Mtu mzima ana siku ya jina lake, siku ya mtakatifu wake, na siku hiyo hamwaliki mtu. Anapiga deki, anafungua mlango, anakaa. Anayemkumbuka anakuja mwenyewe. Kualika ni aibu, ni sawa na kukinga bakuli barabarani. Jioni ikifika unajua kabisa unakumbukwa na watu wangapi hapa duniani. Sisi wenye majina ya kipagani tumetupiwa Jumapili moja mwezi wa sita, tugawane Watakatifu Wote, kama makoti yaliyokosa ndoano. Nani atakumbuka?

Zamani hilo halikuniuma, maana nilikuwa na mke wangu Markella. Siku yake ni tarehe ishirini na mbili mwezi wa saba, na siku hiyo nyumba yetu ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi za nje, sahani mapajani. Mimi nilikuwa mbeba sinia. Nilipita nikisema uongo wangu huku na huku, naye alinifuata nyuma akiurekebisha. Sasa ni miaka mitatu tangu afariki. Siku ya jina la marehemu watu hawaji, na hawajakosea. Hata hivyo mwaka jana, tarehe hiyo, nilifungua mlango. Aliingia mbayuwayu. Akazunguka sebuleni mara moja, hakupapenda, akatoka.

Kazi yangu ilikuwa ulinzi wa magofu yaliyo juu ya kilima. Miaka thelathini na moja na filimbi shingoni. Mtalii akikalia jiwe la kale, napuliza. Akipanda ukuta, napuliza. Nimepulizia filimbi mataifa ambayo hayapo tena kwenye ramani. Nilipostaafu nikarudisha filimbi, lakini sikuacha kwenda. Kila asubuhi napanda, nakaa kwenye kivuli cha kibanda cha tiketi, nawasimulia wageni historia. Elimu yangu niliiokota nyuma ya waongoza watalii, neno leo, neno kesho, na palipobaki matundu nikaziba mwenyewe. Waongoza watalii hawanipendi. Wanasema nawaharibia wageni.

Basi mwezi wa saba uliopita akaja mama mmoja peke yake, kofia pana, viatu vya maana, mfuko wa aprikoti mkononi. Siku ya kwanza alitembea magofu yote kwa mpangilio, kama anayekagua hosteli. Siku ya pili akarudi. Siku ya tatu akakaa kwenye benchi langu.

"Ile nguzo ya mwisho pale," nikamwambia, "Waajemi waliwahi kuiiba. Wakaiburuza mpaka ufukweni, wakalala. Asubuhi wakaikuta imesimama mahali pake."

"Nani aliirudisha?"

"Ilirudi yenyewe. Ilikumbuka nyumbani."

Akaitazama nguzo, akanitazama mimi. "Waajemi hawakufika kisiwa hiki, bwana."

"Walifika. Hawakuandika kwa sababu ya aibu."

Akacheka kwa puani, kama mtu aliyesahau njia ya kawaida. Akanipa aprikoti.

Jina lake lilikuwa Harikleia. Alikuwa mwalimu wa jiografia kule Larisa, bara, mahali ambapo joto linakupika na bahari huioni. Amestaafu. Watoto wa dada yake walimkatia tiketi ya meli na kumlipia chumba siku kumi kwa jirani yangu Stamatoula, ambaye vyumba vyake vya kupangisha viko kule bandarini.

"Wamesema nahitaji mapumziko," akasema. "Nadhani wao ndio walioyahitaji."

"Na unapumzika?"

"Napumzika mpaka mgongo unauma. Mchana si mbaya, kuna mawe. Tatizo ni kula. Nikikaa tu mezani, mhudumu anakuja kuondoa kiti cha pili. Mama, hiki kina mtu? Hakina. Anakibeba. Siku ya tatu tu hii, na tayari wanakibeba kabla sijafungua mdomo."

Nilitaka kumtungia kitu cha kumchekesha, sikupata. Na mimi huwa sikosi. Kila siku baada ya hapo alikuja saa tatu asubuhi, na mimi nikawa nafika saa mbili na nusu, niwe nimeshakaa pale kama vile sikuwa nasubiri mtu. Alinirekebisha tarehe, majina ya wafalme, hata upande unakovuma upepo. Nilikuwa sijarekebishwa miaka mitatu. Nilijisikia kama shati lililopigwa pasi.

Siku ya Jumanne akaniuliza swali ambalo kwetu kila mtu humuuliza mwenzake, kama vile kuuliza hali.

"Na jina lako tunalisherehekea lini, Bwana Nondas?"

Jibu la kweli lilikuwa jepesi: mwezi wa sita, imeshapita, hakuja mtu. Nikafungua mdomo, ulimi ukaenda zake.

"Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Hii hapa. Keshokutwa."

Akahesabu kwa vidole. "Alhamisi ni tarehe ishirini na mbili. Ni Mtakatifu Markella."

"Wamegawana. Yeye ana asubuhi, wetu ana jioni."

"Yupo Mtakatifu Epaminondas?"

"Bara hamumjui. Ni wa hapahapa. Alikuwa mlinzi wa lango hili hili. Liwali wa Roma akaja saa za kufunga zimepita, akasema fungua. Mlinzi akamwambia kesho saa mbili. Wakamkata kichwa. Kichwa kikawa chini pale, kwenye vumbi, kinaendelea: kesho saa mbili, kesho saa mbili. Liwali akachoka, akarudi merikebuni kwake."

Harikleia alikuwa anakunja mfuko wa aprikoti, mara mbili, mara nne, taratibu. "Na wageni unapata wengi?"

"Wengi? Mwaka jana mlango uling'oka bawaba."

"Basi nitakuja," akasema. "Sijaingia nyumba ya mtu tangu nifike hapa. Saa kumi na mbili jioni. Nyumba yako naijuaje?"

"Fuata kelele."

Nilishuka kilima jua likinichoma utosi, na kila ngazi niliyokanyaga ilinikumbusha nilichofanya. Mama wa watu atabisha hodi Alhamisi akitarajia nyumba iliyojaa, atanikuta mimi na kochi. Atajua kwamba hakuna mtakatifu. Hilo si kitu, uongo nimezoea kukamatwa nao. Atajua kwamba hakuna watu. Ataona na mimi kiti changu cha pili kimeshabebwa siku nyingi. Baada ya hapo angepanda tena kilimani saa tatu, au angenihurumia kwa mbali na kofia yake? Wageni halisi nisingewapata. Kualika hakuwezekani, nimeshaeleza. Na mwezi wa saba kisiwa kizima ni wahudumu: huyu anabeba samaki, yule anafua mashuka, mwingine anaendesha boti la watalii. Nilikuwa na siku mbili za kumwambia ukweli. Nikazitumia kupika.

Nilipika maganda ya machungwa kwenye shira kama alivyofanya Markella. Sufuria ya kwanza iliungua, nikaifukia bustanini. Ya pili iliungua pia, ila kidogo. Nikaoka biskuti za lozi, nikazinyunyizia sukari ya unga mpaka jikoni pakaonekana kama pameangukiwa na theluji. Nikashusha kabatini glasi zake ndogo za pombe tamu ya cheri. Ishirini na nne. Na hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Kama siwezi kupata wageni, si nipate nyayo zao? Harikleia aje saa kumi na mbili, akute wametoka sasa hivi.

Alhamisi saa nane mchana, watu wote wamefunga madirisha wamelala, nikaanza. Kwa siri hiyo hakuna saa nzuri kuliko saa ya usingizi wa mchana. Nikajaza glasi zote, nikazipitia moja moja. Hii nimeinywa yote, ya mlevi. Hii nimeonja tu, ya mtu mwenye kisukari. Hizi sita za wanawake: nikapaka bitiruti kwenye mdomo wa chini, nikabusu ukingo. Biskuti nikaziuma, nikazitawanya. Viti nikavipanga vitatu vitatu, vimegeukiana, kimoja mbali dirishani kwa mtu anayeogopa upepo. Nikabonyeza mito ya kochi kwa ngumi. Nikafinyanga leso tatu za karatasi.

Kufikia glasi ya kumi na tano nilikuwa nimechangamka, na nikaona si vizuri watu kukaa kimya. "Uishi miaka mingi, Nondas!" nikasema kwa sauti nzito. "Amina, asante, karibu biskuti," nikajibu kwa yangu. "Wewe, masharubu yamekuwa meupe hivi!" nikasema kwa sauti nyembamba ya kike. "Ni sukari, mama, ni sukari!"

Ukuta ukagongwa. Ukuta huo ni wa Stamatoula.

"Nondas! Una nini humo?"

"Wageni!"

"Saa nane mchana?"

"Wamewahi!"

"Waambie wafunge midomo yao, mwenzio nimefua mashuka arobaini tangu alfajiri! Na huyo mwanamke mwenye sauti ya mbuzi ni nani?"

Nilikuwa nimemwigiza yeye.

Baada ya hapo nyumba ikatulia. Nikakaa kwenye kiti cha katikati, biskuti zilizoumwa kushoto na kulia. Nzi mmoja alitua ukingoni mwa glasi, akahamia nyingine. Na nasema jambo ambalo sikupanga kulisema: nilijikuta nasubiri. Nilikaa pale dakika kumi, labda zaidi, nimeinamisha kichwa kwa adabu, nikimsubiri mmoja wao aendelee na mazungumzo.

Saa kumi na mbili na robo Harikleia alibisha hodi. Kofia ameiacha, nywele amezichana, mkononi ana kiboksi cha keki kilichofungwa utepe wa buluu.

"Uishi miaka mingi, Bwana Nondas. Samahani nimechelewa. Nimeupita mlango mara mbili. Sikusikia kelele."

"Aa, Mwalimu! Wametoka sasa hivi, wote kwa pamoja! Hukupishana nao kwenye ngazi?"

"Nilipishana na paka."

"Huyo alikuwa wa mwisho."

Akaingia. Akasimama katikati ya sebule, jua la jioni likipita dirishani na kuangukia glasi zote ishirini na nne, na lazima niseme zilipendeza. Hata mimi kwa sekunde moja niliamini.

"Ala," akasema. "Walikuwa wengi kweli."

"Na hawa ni waliokaa tu. Waliosimama sikuwahesabu."

Akaweka kiboksi chake mezani. Akaokota biskuti moja iliyoumwa. Akaitazama, akaitua. Akaokota nyingine kwenye meza ya kona, na nyingine chini ya taa, na ile ya dirishani. Akazipanga saba kwenye ukingo wa meza, mstari ulionyooka, kama karatasi za mtihani.

"Bwana Nondas, hebu cheka."

"Nicheke nini?"

"Cheka tu. Nionyeshe meno."

Nikacheka. Kicheko kibaya sana.

"Miaka thelathini na minne nimesahihisha mitihani," akasema, bila ukali. "Mtoto mmoja akiandika majibu ya darasa zima, najua. Wageni wako wote wana pengo lilelile, kama lako. La juu, upande wa kushoto."

"Ni maji ya kisiwa, Mwalimu. Yana chokaa."

"Na huyu mwenye rangi ya mdomo?" Alikuwa ameinua glasi puani.

"Huyo ndiye aliyeanza kung'oka jino."

"Ni bitiruti."

Mara ya pili tangu nimjue nimefungua kabati la uongo nikakuta tupu. Nje, kamba ya nguo ya Stamatoula ililia kwenye kapi yake, anaanua mashuka.

"Leo amekuja mtu yeyote?" Harikleia akauliza.

"Wewe."

"Kabla yangu."

"Hapana."

"Mwaka jana?"

"Mbayuwayu. Hakukaa."

Akageuka kuelekea ukutani, kwenye picha iliyo na kitaa cha mafuta mbele yake. Nilikuwa nimekiwasha asubuhi, kabla ya yote, bila kufikiri.

"Huyu ndiye Markella."

"Ndiye."

"Nilijua tangu Jumanne kwamba tarehe hii ina mtu wako," akasema. "Jinsi ulivyosema Alhamisi. Mtu anayetunga tarehe huangalia juu kwanza. Wewe hukuangalia juu."

Nikasubiri achukue kiboksi chake aondoke. Ningemwelewa. Ningemfungulia mlango mwenyewe. Badala yake akavuta kiti, kile cha mtu anayeogopa upepo, akakaa. Akala ganda la chungwa kwa kijiko, polepole, mpaka shira ikaisha.

"Limeungua."

"Kidogo."

"Sikuwa nawapiga wanafunzi," akasema, akifuta kidole kwa leso mojawapo ya zile nilizozifinyanga. "Lakini aliyenidanganya alilipa. Na wewe utalipa."

"Nilipe nini, Mwalimu?"

"Beba glasi hizi zote jikoni. Utaziosha, mimi nitakausha. Na kila unayoiosha, utaniambia angeinywea nani, Markella angekuwa hai. Jina lake la kweli, na yuko wapi leo. Ukitunga nitakuona."

Nilitaka kucheka. Nikabeba sinia.

Maji yalikuwa ya moto kutokana na jua lililokaa kutwa kwenye tangi la paani. Glasi ya kwanza nikaisugua muda mrefu kuliko uchafu wake.

"Nahodha Zannis," nikasema. "Alikuwa anaimba, hajui kuimba. Yuko makaburini, mstari wa pili, chini ya mvinje."

Akaipokea, akaikausha, akaiweka. "Endelea."

"Aneza, mpwa wa Markella. Yuko Melbourne. Alikuwa anaandika kila Pasaka. Pasaka hii hakuandika."

"Na wewe ulimwandikia?"

"Hapana."

"Endelea."

"Fundi viatu, Ipokratis. Amechukuliwa na mwanawe Athene, ghorofa ya tano, haruhusiwi kushuka ngazi. Nilipanga kumpigia simu." Nikaona jicho lake. "Sikupanga. Nimetunga hapo."

"Nimeona. Osha tena."

Nikaiosha tena. Ya nne, ya tano, ya sita, marehemu watupu. Sikujua wamekuwa wengi hivyo. Ukiwataja mmoja mmoja kwa miaka, huwezi kugundua. Ukiwataja wote kwenye beseni moja, unaona. Ya saba ilikuwa na bitiruti, na bitiruti haitoki upesi.

"Hii ya nani?"

"Ya Stamatoula."

"Stamatoula wa hapa? Hatua nne kutoka mlangoni?"

"Huyohuyo."

"Yeye hajafa, na hayuko Melbourne. Kwa nini haji?"

Hapa ningeweza kusema ana kazi, ana mashuka. Ni kweli pia, ana mashuka. Lakini mwanamke alikuwa amenishikia kitambaa mbele yangu, anangoja, na maji yalikuwa yanapoa.

"Alikuja," nikasema. "Baada ya mazishi. Siku arobaini alikuja kila jioni na sufuria. Nilikuwa nasikia kandambili zake kwenye ngazi. Nikawa nazima redio, nakaa kimya, nijifanye nimelala. Alikuwa anaita, Nondas, Nondas, halafu anaacha sufuria mlangoni. Siku ya arobaini na moja hakuja tena. Na wengine hivyohivyo. Walikuja wote. Mimi ndiye ambaye sikufungua."

Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Wala sikuwa nimejiambia mwenyewe, si kwa maneno.

Harikleia alichukua glasi kutoka mkononi mwangu, akaigeuza kwenye mwanga, akanirudishia. Rangi ilikuwa bado ipo ukingoni.

"Jumamosi meli yangu inaondoka," akasema.

"Najua. Saa nne." Nikasugua. "Mwakani utarudi?"

"Osha, Bwana Nondas. Bado kumi na saba."

Nikakunja mikono ya shati, nikaitia glasi ya Stamatoula majini tena, na nikaendelea kulipa.